Vipimo Vikigoma Dodoma: Soma Ukubwa na Mwelekeo wa Kosa Kabla ya Kurudi Saiti

Namba za upimaji wa ardhi zisipokubaliana, mtu wa kwanza kulaumiwa ni kibarua aliyeshika prizma, kile kioo cha kurudisha mwanga wa mashine. Anapigiwa simu jioni, anaulizwa kama aliinyoosha, anaapa kwamba aliinyoosha. Mara nyingi anasema kweli. Prizma iliyoinama huleta kosa la sentimita. Haijawahi kuhamisha mtaa mzima. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu wala kupakia tripodi kwenye gari, andika mambo mawili pembeni ya karatasi: kosa ni kubwa kiasi gani, na linaelekea wapi. Huku kanda ya kati makosa makubwa mengi yana ukubwa wake unaojulikana. Ukiyazoea utayatambua ukiwa bado mezani, na safari ya pili haitahitajika.

Kila kitu kimehama pamoja

Umeweka picha ya droni juu ya ramani ya zamani ya viwanja. Barabara zina umbo lilelile, viwanja vina ukubwa uleule, ila vyote vimesogea upande mmoja. Pima huko kusogea. Ukikuta takriban mita 300 kaskazini-kusini na mita 80 hadi 90 mashariki-magharibi, acha kutafuta: namba za upande mmoja ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani, na za upande wa pili ziko kwenye mifumo ya satelaiti, WGS84 ya dunia au TAREF11 ya Tanzania. Arc 1960 hukaa juu ya elipsoidi (umbo laini la dunia linalotumika kwenye hesabu) ya Clarke ya 1880, na jina lake linatokana na ule msururu mrefu wa pembetatu uliopimwa kuufuata mstari wa nyuzi 30 mashariki, unaopita magharibi kabisa mwa nchi yetu. Mwelekeo nao unasema: pointi ileile ikisomwa kwa WGS84, namba ya N (ya kaskazini) hupungua kwa hizo mita 300 na namba ya E (ya mashariki) huongezeka.

Ukishika ramani iliyochorwa enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973 na kuvunjwa 2017, soma kwanza maandishi ya pembeni yanataja mfumo gani. Halafu usiiburute picha kwa kipanya mpaka barabara zilingane. Najua inavutia, na kwenye kioo hupendeza, lakini umeua ushahidi. Programu nyingi hubeba vigezo vya wastani wa Kenya na Tanzania: −160, −6 na −302 kwa mita, kutoka Arc 1960 kwenda WGS84. Wastani huo una mashaka ya mita kadhaa, pengine zaidi ya kumi, kwa kila mhimili. Unatosha kutambua ugonjwa, hautoshi kutibu kiwanja cha mtu. Tafuta nguzo za zamani ambazo bado zimesimama, tatu au nne zinazozunguka eneo lako, zipime upya kwa satelaiti, kisha kokotoa vigezo vya hapo hapo.

Kosa likiwa la kilomita mia sita na ushee, hilo ni la zoni. UTM ni gridi ya ramani iliyoigawa dunia kwa zoni za nyuzi sita sita. Mpaka wa zoni 36 na 37 ni mstari wa nyuzi 36 mashariki, nao unapita mashariki ya jiji. Dodoma mjini iko zoni 36, na E yake ni karibu 803,000. Mahali palepale pakisomwa kwa zoni 37, E inakuwa karibu 139,000. Kongwa na Mpwapwa ziko zoni 37. Kazi ya barabara inayotoka mjini kwenda Kongwa inavuka mpaka katikati, basi chagua zoni moja kwa kazi nzima na uiandike kwenye kila karatasi inayotoka mkononi mwako.

Kimo kikiwa chini ya kile cha alama ya kimo ya serikali kwa zaidi ya mita kumi, umelinganisha kimo cha elipsoidi na kimo cha usawa wa bahari. Weka modeli ya geoidi (usawa wa bahari ulioendelezwa chini ya nchi kavu), kagua kwenye alama mbili za kimo, endelea na kazi.

Travasi haifungi, na inakataa kwa uwiano uleule

Hili ndilo linalokula muda wa vijana wengi hapa mjini. Umeanzia kwenye kontroo mbili za RTK, yaani pointi zilizopimwa kwa satelaiti, ukatembea na totali stesheni (mashine ya pembe na umbali) kituo hadi kituo, ambayo ndiyo travasi, ukafungia kwenye kontroo nyingine mbili za RTK. Pembe zimefunga vizuri sana. Umbali umekataa, tena kwa uwiano wa karibu 1 kwa 1,800. Umerudia, ikaja ileile. Umebadilisha mashine, ikaja ileile.

Kosa la bahati nasibu halirudi na sura moja kila mara. Angalia mwelekeo wake: kama pengo linalala kwenye mstari wa safari yenyewe, na kila upande wa totali stesheni ni mfupi kuliko ule uliokokotolewa kutoka kwenye namba za RTK, basi umekutana na kizidisho cha gridi, namba inayogeuza umbali wa ardhini kuwa wa ramani.

Hesabu yake ni fupi. UTM hupunguza umbali kwa 0.9996 kwenye mstari wa kati wa zoni, ambao kwa zoni 36 ni nyuzi 33. Ukienda mashariki kizidisho hupanda. Dodoma mjini, kwenye nyuzi 35.74 hivi, kimeshafika 1.00073. Kisha kuna mwinuko: mji uko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na kuushusha umbali mpaka kwenye elipsoidi kunakupa 0.99982. Zidisha hivyo viwili upate 1.00055. Maana yake, mita 1,000 ulizopima ardhini ni mita 1,000.55 kwenye gridi. Upande wa mita 400 unapishana kwa sentimita 22. Travasi ya kilomita tatu inapishana kwa zaidi ya mita moja na nusu. Hakuna mtu aliyekosea kusoma.

Tena kizidisho hicho hakitulii. Ukiwa Bahi, karibu zaidi na mstari wa kati na chini zaidi kwa mwinuko, tofauti haifiki sentimita 30 kwa kilomita. Mtumba kwenye Mji wa Serikali inakaribia 70. Ukifika kwenye mpaka wa zoni inakaribia 80. Aliyenakili kizidisho cha kazi ya Bahi akakiingiza kwenye kazi ya Mtumba amejipandia tatizo jipya.

Tiba ni kuamua hesabu ifanyike wapi, na ifanyike mara moja tu. Ama mashine ipewe kizidisho cha eneo na programu iachwe kwenye 1, ama mashine iachwe kwenye 1 na programu ikokotoe. Vikifanya kazi vyote viwili utaona tofauti ileile ya sentimita 55 kwa kilomita, ila sasa pande za mashine ndizo ndefu. Mkandarasi wa jengo naye mwambie mapema kwamba namba zako ni za gridi, maana nguzo zake za chuma zimekatwa kwa mita za ardhini.

Kama baada ya hapo bado unapungukiwa na sentimita tano hivi kwa kilomita, tazama hewa. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikidhani shinikizo ni la pwani, hektopaskali 1,013. Hapa shinikizo halisi ni karibu 890, na mchana joto hufika nyuzi 30. Hewa nyepesi namna hiyo hufanya umbali usomeke mfupi. Usichukue shinikizo la taarifa ya hali ya hewa bila kuuliza, kwa sababu mara nyingi limeshahesabiwa kana kwamba kituo kipo usawa wa bahari. Soma baromita yako mahali uliposimama.

Pembetatu inakataa

Siku hizi wachache wanapima pembetatu za kilima hadi kilima, lakini mwanafunzi akitoka Chuo cha Ardhi Morogoro au Chuo Kikuu Ardhi bado atakutana nazo, na mabonde ya Kondoa na Mpwapwa hayajawa rafiki wa satelaiti kila mahali.

Jumla ya pembe ikizidi nyuzi 180 kwa sekunde moja au mbili kwenye pembetatu ya pande za kilomita 30, usiirekebishe kwa hasira. Dunia ni mviringo, na kila kilomita za mraba 197 hivi zinaongeza sekunde moja halali. Pembetatu ya ukubwa huo ina takriban sekunde mbili zake. Ziondoe kwanza, ndipo useme kosa limebaki kiasi gani.

Kosa likiwa kubwa kwenye pande fupi na likififia kwenye pande ndefu, mashine haikukaa juu ya alama. Milimita tano za kukosa kitovu kwenye mstari wa mita 100 ni sekunde 10 nzima. Kwenye kilomita tano hazionekani. Kagua plami ya leza, ile inayopiga doa kwenye alama ya chini, kwa kuzungusha mashine nusu duara: doa likihama, rekebisha hiyo kabla ya kitu kingine.

Kosa linalobadilika kati ya asubuhi na mchana ni la hewa. Mstari unaopita karibu na ubavu wa kilima chenye mawe yaliyokula jua unapinda kwa upande, na kurudia seti kumi saa ileile hakusaidii, kwa sababu zote kumi zitapinda pamoja. Pembe za mlalo pima jioni jua likishalegea, au usiku kwa taa. Pembe za wima zina tabia ya kinyume: zipime mchana kati ya saa 6 na saa 9, mpindo wa mwanga unapokuwa mdogo na umetulia, na upime kutoka ncha zote mbili. Kwenye kilomita 10, mviringo wa dunia pamoja na mpindo wa mwanga vinafikia mita 6.7 hivi, si kitu cha kukadiria.

Pembe ndogo kuliko nyuzi 30 iliyo mkabala na upande unaoutumia kukokotoa hugeuza kosa dogo kuwa kubwa. Hapo hakuna tiba ya mezani. Chagua kilima kingine.

Halafu kuna nguzo iliyohama. Hii ina sababu yake ya kienyeji. Vijijini bado inaaminika kwamba chini ya bikoni ya zamani Mjerumani alifukia mali. Mzee atakusogelea polepole, utamwamkia shikamoo, atapokea, kisha atauliza, "Sasa mjukuu wangu, hapo chini kaacha nini?" Mwambie ukweli, zege na chuma tu, na mwambie kwa heshima mbele ya wengine, kwa sababu kesho yeye ndiye mlinzi wako. Nguzo iliyochimbuliwa hurudishwa mara nyingi, na kwa macho inaonekana nzima. Dalili zake ni udongo laini upande mmoja, zege lililopasuka shingoni, na hesabu ambayo inakubali kila pembetatu isipokuwa zile zinazoigusa nguzo hiyo. Pima umbali wake hadi alama za ushahidi zilizoko jirani. Zisipokubali, itoe kwenye msawazo (hesabu ya kugawa makosa), hata kama ndiyo pekee yenye namba nzuri kwenye orodha.

Picha za droni zimetoka na kasoro

Kwanza kibali. Ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni lazima, na kwa kuwa haya ni makao makuu ya serikali, usirushe chochote kabla hujajua eneo lako lina masharti gani.

*Uwanja tambarare umejipinda kama bakuli.* Katikati pameshuka au pamepanda, pembeni pako sawa. Njia zote za ndege zilikuwa sambamba, kamera ikatazama chini tu, na kontroo zote ziliwekwa pembezoni. Programu ilikisia upotovu wa lenzi vibaya, na hakukuwa na kitu cha kuikatalia. Ongeza mruko mmoja wa kukatiza, kamera ikiinama nyuzi 20 hadi 30, na weka kontroo ya katikati. Acha pia pointi kadhaa nje ya msawazo kwa ajili ya ukaguzi. Ripoti inayojisifu kwa milimita kwenye pointi zilezile ilizozitumia haijathibitisha lolote.

*Matundu juu ya kilima.* Dodoma ni tambarare inayodanganya; ghafla kinasimama kilima cha mawe. Tuseme uliruka mita 100 juu ya pale uliporushia, mwingiliano (sehemu ambayo picha mbili jirani zinaifunika pamoja) wa mbele asilimia 80 na wa ubavuni 60, na kilima kina mita 60. Juu ya kilele ndege iko mita 40 tu. Picha inafunika asilimia 40 ya upana uliopangia, wakati njia za ndege ziko palepale. Mwingiliano wa mbele unashuka hadi 50, wa ubavuni unakuwa sifuri. Programu haikushindwa, haikupewa picha. Ruka kwa kufuata umbo la ardhi, au kipange kilima kama kazi yake peke yake.

*Picha zina ukungu wa mwendo.* Kasi ya mita 10 kwa sekunde na shata ya 1/250 ya sekunde ni sentimita nne za kuburuta. Kama pikseli yako ni sentimita mbili, hesabu imekataa kabla ya upepo kuongeza yake. Na upepo wa kiangazi hapa, mwezi wa saba na wa nane, haukosi.

*Mabati yanawaka na katikati ya picha pana doa jeupe.* Jua hupita utosini mwa Dodoma karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba. Siku za karibu na hizo, mchana, kamera inayotazama chini inatazama moja kwa moja kinyume na jua: udongo unang'aa pasipo kivuli na bati jipya linarudisha mwanga wote. Ruka kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi.

*Kontroo hazionekani.* Chokaa kwenye udongo mwekundu wa Mkonze huonekana vizuri; kwenye ardhi nyeupe ya chumvi kule Bahi hupotea, tumia rangi nyeusi. Kitambaa au turubai usitegemee litakaa usiku kucha, ni mali ya mtu yeyote anayelihitaji.

Azimuthi ya jua haikubali

Ili kupata azimuthi, yaani pembe ya mstari kutoka kaskazini, vitabu vingi vilivyoandikwa kaskazini mwa dunia huanza na Nyota ya Kaskazini. Kwenye latitudo ya nyuzi 6 kusini nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, usiitafute. Ncha ya kusini nayo iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na moshi wa kuchoma mashamba, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Kwa hiyo jua ndilo kimbilio, kwa kichujio kilichofungwa mbele ya lenzi, kamwe si kwa kukodoa. Jua bila kichujio huua jicho na pia huua kipokezi cha umbali ndani ya mashine.

Azimuthi ikitoka ya ajabu kabisa, tazama saa iliyoandikwa kwenye daftari. Saa 3 asubuhi ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki na 06:00 UTC, na namba zote tatu nimewahi kuziona kwenye ukurasa mmoja zikiwa hazina lebo. Kumbuka pia kwamba saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45: jua la wastani huvuka Dodoma saa sita na dakika 37 mchana, si saa sita kamili. Jua lenyewe hutangulia hadi dakika 16 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa dakika 14 katikati ya Februari.

Azimuthi zikitawanyika kila seti, ulipima karibu na mchana. Jua likikaribia utosi, mwelekeo wake hukimbia kuliko kidole kinachobonyeza saa. Pima kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, jua likiwa nyuzi 20 hadi 35 juu. Wakati huo kukosea sekunde moja ya saa kunaleta sekunde chache tu za azimuthi.

Gumu zaidi ni lile la dakika 18. Umepata seti safi, zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, ila zinatofautiana na mwelekeo wa RTK kwa karibu dakika 18, ambazo kwa kilomita moja ni zaidi ya mita tano. Kuna sababu mbili na hapa Dodoma zina ukubwa uleule. Ya kwanza: kaskazini ya kweli na kaskazini ya gridi (ile ya mistari ya wima ya ramani) zinapishana kwa dakika 17.7 hapa mjini, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta na mashariki ya mstari wa kati, kaskazini ya kweli iko upande wa mashariki wa ile ya gridi. Azimuthi ya jua lazima iongezwe dakika hizo ili iwe ya gridi. Ukizitoa, pengo litakuwa dakika 35. Ya pili: uligusisha uzi wa wima wa darubini kwenye ukingo wa jua ukasahau nusu ya kipenyo chake. Nusu hiyo ni dakika 16, lakini kwenye azimuthi hukua kadiri jua linavyopanda, na jua likiwa nyuzi 25 juu inakuwa dakika 17.7.

Namba haitakusaidia kuzitenganisha, kwa hiyo ziteste kwa kubadilisha ukingo. Pima seti moja kwa ukingo wa kushoto na nyingine mara moja kwa ukingo wa kulia. Kama ni nusu-kipenyo, seti ya pili itaruka upande wa pili, na wastani wa hizo mbili utaangukia kwenye azimuthi ya kweli. Kama ni gridi, zote mbili zitabaki na pengo lilelile, upande uleule, na hata ukirudi jioni jua likiwa magharibi halitabadilika.